Hukumu ya Mwaka 1889 na Walioangukiwa Nayo: Wahamiaji wa Kichina na Wapenzi wa Jinsia Moja mbele ya Sheria ya Marekani

Historia ya wahamiaji wa Kichina nchini Marekani na historia ya wapenzi wa jinsia moja wa nchi hiyo huandikwa kwa kawaida katika vitabu tofauti na kuhifadhiwa katika makumbusho tofauti, kana kwamba ni za watu wasiowahi kukutana. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha vingine. Jamii hizi mbili zilikaguliwa na maafisa wa aina moja, zilipimwa na madaktari wa idara moja ya serikali, na, lililo zito zaidi, zilifungiwa mlango kwa hoja moja ya kisheria, ambayo ilibuniwa dhidi ya kibarua wa Kichina mwaka 1889 na ikatumiwa dhidi ya shoga kutoka Kanada mwaka 1967 ikiwa vilevile ilivyokuwa. Anayezisoma historia hizi mbalimbali ataona ubaguzi wa rangi upande mmoja na chuki dhidi ya mashoga upande wa pili. Anayezisoma pamoja ataona mamlaka yaliyouwezesha ubaguzi wote huo, na ambayo mpaka leo hayajavunjwa.

Wachina walianza kufika California kwa wingi baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1848. Wengi wao walitoka katika wilaya chache za mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, na nchi waliyoiendea waliiita Mlima wa Dhahabu. Dhahabu iliyo rahisi kuchimbika ilipokwisha walilima, walivua samaki, walifua nguo, na katika miaka ya 1860 maelfu yao waliajiriwa na kampuni ya Central Pacific kupasua miamba ya milima ya Sierra Nevada ili ipite reli ya kuvuka bara, iliyokamilika huko Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Kazi hiyo haikuwapa haki ya kuwa raia. Sheria ya mwaka 1790 iliruhusu uraia wa tajnisi, yaani uraia anaouomba na kupewa mtu aliyezaliwa mgeni, kwa watu weupe walio huru peke yao; mwaka 1870 haki hiyo iliongezwa kwa wenye asili ya Afrika, lakini Wachina wakaachwa nje, na mwaka 1878 mahakama moja ya shirikisho huko California ikathibitisha, katika kesi ya Ah Yup, kwamba Mchina hahesabiwi kuwa mweupe. Hata kusikilizwa mahakamani kulikuwa na mpaka wake, kwa kuwa tangu mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya California ilikuwa imeamua kwamba Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na kwa uamuzi huo mzungu aliyekuwa amehukumiwa kwa kumuua mchimbaji wa Kichina akafutiwa hatia, kwa sababu mashahidi waliomtia hatiani walikuwa Wachina.

Sheria ya kwanza ya shirikisho iliyowalenga wahamiaji hao ilihusu mwenendo wa kijinsia, na jambo hili linastahili kukumbukwa na kila anayeifuatilia historia hii. Sheria ya Page ya mwaka 1875 ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa wanawake wa Kiasia walioshukiwa kuletwa kwa ajili ya ukahaba, na kwa kuwa maafisa waliwashuku karibu wote, wake halali wa vibarua nao walizuiwa. Matokeo yake yalionekana katika sensa: mwaka 1890 Wachina wanaume nchini Marekani walikuwa 103,620 na wanawake 3,868, yaani wanaume wapatao 27 kwa kila mwanamke mmoja. Mitaa ya Wachina ya San Francisco ikawa mitaa ya wanaume waliopanga vyumba pamoja, wakapika pamoja, wakauguzana na kuzikana. Mwanahistoria Nayan Shah, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001 kuhusu magonjwa na rangi katika mitaa hiyo, ameonyesha jinsi maafisa wa afya na waandishi wa magazeti wa karne ya 19 walivyoyaeleza makazi hayo kuwa ni kinyume cha familia, mahali pa uchafu na mapenzi yasiyo ya kawaida, bila kutaja kwamba ni sheria yenyewe iliyowanyima wakazi wake wake zao. Kwa maneno mengine, muda mrefu kabla ya dola kumtambua shoga kuwa aina ya mtu anayepaswa kuzuiwa mpakani, Mchina alikuwa tayari ameshatuhumiwa kwa kutoishi kama mume na baba.

Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani kwa miaka 10. Wafanyabiashara, wanafunzi, walimu na wanadiplomasia waliruhusiwa, na vibarua waliokuwamo nchini tayari waliweza kwenda kwao kuwaona jamaa na kurudi, mradi wachukue cheti cha kurejea kabla ya kuondoka. Mmoja wa waliokichukua cheti hicho alikuwa Chae Chan Ping, aliyekuwa ameishi California tangu mwaka 1875 na ambaye alisafiri kwenda China mwezi Juni 1887. Alipopanda meli mwezi Septemba mwaka uliofuata ili arudi, karatasi zake zilikuwa timamu. Akiwa bado baharini, Bunge lilipitisha Sheria ya Scott, iliyotiwa saini na Rais Grover Cleveland tarehe 1 Oktoba 1888, ambayo ilibatilisha vyeti vyote vya kurejea, vipatavyo 20,000, bila kuwahurumia hata waliokuwa njiani. Meli ilitia nanga San Francisco siku chache baadaye, na Chae Chan Ping akakatazwa kushuka.

Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Mei 1889 majaji wote kwa kauli moja waliamua dhidi yake. Hukumu iliandikwa na Jaji Stephen Field, mtu aliyekuwa na historia yake mwenyewe na Wachina, maana miaka 10 kabla ya hapo ndiye aliyeifuta kanuni ya jiji la San Francisco iliyoruhusu wafungwa wa Kichina wakatwe misuko ya nywele zao, akieleza kwamba kanuni hiyo ilitungwa kwa chuki. Safari hii alisema kwamba kila taifa huru lina uwezo wa kuwazuia wageni lisiowataka, kwamba uwezo huo ni sehemu ya dola yenyewe, na kwamba Bunge likiona kuwa watu wa rangi fulani hawawezi kuchanganyika na wenyeji na ni hatari kwa amani, mahakama hazina la kuongeza. Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni ambayo wanasheria wa Marekani huiita mamlaka kamili: katika mambo ya kuingia na kutoka nchini Bunge na serikali huachiwa uamuzi, na haki ambazo Katiba humhakikishia mtu aliye ndani hupungua nguvu, na mara nyingine hupotea kabisa, mbele ya aliye mlangoni. Katiba yenyewe haina kifungu kinachosema hivyo. Majaji waliichota kanuni hiyo kutoka katika fikra ya utaifa wa zama zao, na fikra hiyo ilijaa dharau kwa Wachina; kesi hiyo hadi leo hutajwa katika vitabu vya sheria kwa jina la Kesi ya Kuwazuia Wachina.

Mwaka 1892 mamlaka hayo yalivuka mpaka na kuingia ndani ya nchi. Sheria ya Geary ilimtaka kila kibarua wa Kichina awe na cheti cha ukaazi, ambacho baada ya marekebisho ya mwaka uliofuata kilibeba pia picha yake, pamoja na umri, kazi, kimo, rangi ya ngozi na alama za mwilini. Aliyekamatwa bila cheti alitakiwa amlete walau shahidi mmoja mweupe wa kuthibitisha kwamba alikuwamo nchini kihalali, la sivyo afukuzwe. Vyama vya Wachina vya San Francisco viliwahimiza watu wao wagome kujiandikisha, na walio wengi waligoma, jambo ambalo lilikuwa miongoni mwa vitendo vikubwa vya kuikataa sheria kwa amani katika karne hiyo. Mahakama ya Juu haikuwaunga mkono. Katika kesi ya Fong Yue Ting ya mwaka 1893 iliamua kwamba uwezo wa kumfukuza mgeni ni mkubwa sawa na ule wa kumzuia, na kwamba kufukuzwa si adhabu, hivyo aliyefukuzwa hawezi kudai kesi mbele ya baraza la raia wala ulinzi mwingine wa mshitakiwa wa jinai.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba Wachina walishindwa kila mahali. Walikuwa wepesi kwenda mahakamani, walichangishana fedha za mawakili, na penye jambo la ndani ya nchi, mbali na mlango wa uhamiaji, walishinda kesi ambazo Wamarekani wa kila rangi wanazitegemea leo. Mwaka 1885 wazazi wa Mamie Tape, binti wa miaka minane aliyekataliwa katika shule ya Spring Valley, walipata hukumu kwamba mtoto wa Kichina ana haki ya elimu ya umma, ingawa wakuu wa jiji waliijibu haraka kwa kufungua shule ya pembeni kwa ajili ya Wachina. Mwaka uliofuata kesi ya Yick Wo iliwahusu madobi: kanuni ya jiji ilizitaka sehemu zote za udobi zilizo katika majengo ya mbao ziwe na kibali, Wachina wapatao 200 wakaomba wakanyimwa wote, huku wasio Wachina wapatao 80 wakipewa takriban wote. Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria inayosomeka kuwa ya haki kwa wote ni batili ikitekelezwa kwa jicho la upendeleo, na kwamba ulinzi sawa wa sheria ni wa kila mtu aliye ndani ya nchi, awe raia au mgeni.

Ushindi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa mpishi aitwaye Wong Kim Ark. Alizaliwa San Francisco mwaka 1873, na aliporudi kutoka ziara ya China mwezi Agosti 1895 alizuiwa bandarini kwa madai kwamba yeye si raia kwa kuwa wazazi wake ni Wachina. Akawekwa kwa miezi kadhaa ndani ya meli, akihamishwa kutoka hii hadi ile kila moja ilipong'oa nanga. Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji sita dhidi ya wawili, kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868 ili kuwahakikishia uraia waliokuwa watumwa na watoto wao, yanamfanya raia karibu kila mtoto anayezaliwa katika ardhi ya Marekani. Tangu siku hiyo, kuzaliwa ndani kulikuwa na thamani ambayo miaka mingi ya jasho haikuweza kuinunua.

Thamani hiyo iliongezeka kwa njia isiyotarajiwa tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la ardhi na moto vilipoiteketeza San Francisco pamoja na kumbukumbu za vizazi zilizohifadhiwa katika ofisi za jiji. Mchina aliyesema kwamba alizaliwa mjini humo hakuweza tena kukanushwa kwa daftari, na akishakubaliwa kuwa raia, watoto wake waliozaliwa China nao walikuwa na haki ya kuingia. Baba alirudi kutoka China akaripoti watoto wa kiume, wengine wa kweli na wengine wa maandishi tu, kisha nafasi zile za maandishi zikatolewa au kuuzwa kwa vijana wa jirani na wa ukoo. Waliozitumia waliitwa wana wa karatasi. Serikali ilijibu kwa kufungua kituo katika kisiwa cha Angel, ndani ya ghuba ya San Francisco, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1910 hadi 1940. Huko madaktari wa Huduma ya Afya ya Umma walipima vinyesi vya wageni kutafuta minyoo ambayo sheria iliitumia kuwa sababu ya kuwarudisha, na baada ya hapo kijana alikaa mbele ya maafisa wawili na mkalimani akiulizwa nyumba yao kijijini ina madirisha mangapi, ngazi za mlangoni ni ngapi, pipa la mchele liko upande gani wa jiko, nani anaishi nyumba ya tatu ya safu ya nne, na bibi mzaa mama alifariki mwaka gani. Jibu lake lililinganishwa na la baba na la kaka walioulizwa mahali pengine. Likitofautiana, hata kwa kusahau kwa kweli, alirudishwa. Wengi walikuja na vijitabu vya majibu, wakavikariri melini na kuvitupa baharini kabla ya kufika. Waliosubiri wiki na miezi walichonga mashairi katika kuta za mbao za bweni, na mashairi hayo bado yanasomeka.

Marufuku yenyewe iliondolewa tarehe 17 Desemba 1943, wakati China ikiwa mshirika wa Marekani vitani, lakini kwa kiwango cha watu 105 kwa mwaka. Wana wa karatasi waliendelea kuishi kwa majina yasiyo yao mpaka mwaka 1956, serikali ilipoanzisha mpango wa kuungama, ambapo aliyeeleza jina lake la kweli na kuwataja jamaa zake wote aliweza kurekebishiwa hati. Zaidi ya watu 13,000 waliungama. Hofu iliyotangulia maungamo hayo haikuwa ndogo, kwa sababu anayejitaja mwenyewe humtaja pia aliyempa jina.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, hofu ya namna hiyo ilikuwa ndiyo maisha ya kila siku ya mashoga na wasagaji. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1917 ilikuwa imewazuia watu waliotajwa kuwa na kasoro ya akili ya kimaumbile, na sheria ya mwaka 1952, iliyozaliwa katika zama za kuwawinda wakomunisti, ikaweka maneno mapya, "haiba ya kisaikopathi", yaani tabia iliyopotoka kwa ugonjwa wa akili. Huduma ya Afya ya Umma, idara ileile ya madaktari wa kisiwa cha Angel, ililiarifu Bunge kwamba maneno hayo ni mapana kiasi cha kuwaingiza wapenzi wa jinsia moja. Mahakama moja ya rufaa ilipoyaona kuwa hayaeleweki, Bunge liliongeza mwaka 1965 kwamba upotofu wa kijinsia nao ni sababu ya kuzuiwa. Ni vigumu kupita hapa bila kusimama: sheria ya mwaka huo husifiwa, na kwa haki, kwa kuufuta mfumo wa kugawa nafasi kwa asili ya taifa na kuwafungulia Waasia mlango kwa wingi, nayo ndiyo iliyokaza kufuli dhidi ya mashoga.

Kesi iliyoziunganisha historia hizi mbili ilimhusu Clive Boutilier, Mkanada aliyeingia Marekani mwaka 1955 akiwa na miaka 21, akafanya kazi New York, ambako mama yake, baba wa kambo na ndugu zake watatu walikuwa pia wamehamia. Mwaka 1963 aliomba uraia, na katika fomu alieleza kwa uaminifu kwamba mwaka 1959 aliwahi kukamatwa kwa shitaka la kijinsia ambalo baadaye lilitupwa. Maafisa wa uhamiaji walimwita wakamwandikisha kiapo kirefu kuhusu maisha yake ya kimapenzi tangu akiwa kijana wa miaka 14. Kiapo hicho kilipelekwa kwa madaktari wa Huduma ya Afya ya Umma, ambao bila kumwona walitoa cheti kwamba siku aliyoingia nchini, miaka tisa nyuma, alikuwa mwenye haiba ya kisaikopathi, hivyo hakupaswa kuingia. Madaktari wawili wa akili waliomwona wenyewe walikanusha. Tarehe 22 Mei 1967 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba maneno ya sheria si lugha ya utabibu, ni lugha ya Bunge, na Bunge lilikusudia kuwazuia wapenzi wa jinsia moja wote. Jaji Tom Clark, aliyeiandika hukumu hiyo, alihitaji msingi wa kusema kwamba Bunge lina uwezo huo, na msingi alioutaja ni hukumu ya mwaka 1889 dhidi ya Chae Chan Ping. Hakueleza kwamba ilijengwa juu ya dharau kwa rangi ya watu fulani. Wiki tatu baadaye mahakama ileile ilizifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa kati ya weupe na watu wa rangi nyingine. Boutilier alirudishwa Kanada mwaka 1968.

Kama ilivyokuwa kwa Wachina, wapenzi wa jinsia moja walianza kushinda mbali na mlango wa uhamiaji. San Francisco iliongoza. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya California, katika shauri la mwenye baa ya Black Cat, iliamua kwamba baa haiwezi kunyang'anywa leseni kwa sababu tu wateja wake ni mashoga, na mwaka 1955 mjini humo kikaanzishwa Daughters of Bilitis, chama cha wanawake ambacho Del Martin na Phyllis Lyon walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwezi Desemba 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa ushoga katika orodha ya magonjwa, na mwaka 1979 Huduma ya Afya ya Umma ikatangaza kwamba haitatoa tena vyeti vya kuwazuia mashoga. Idara ya uhamiaji ilibaki na sheria isiyo na daktari wa kuitekeleza, ikaweka utaratibu kwamba mgeni hataulizwa, ila akijitaja mwenyewe bila kuulizwa atazuiwa. Carl Hill, mwandishi wa habari kutoka Uingereza, alishuka San Francisco akiwa na beji ya fahari ya mashoga, na mahakama ya rufaa ya huko ikaamua mwaka 1983 kwamba bila cheti cha daktari hawezi kuzuiwa. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya eneo la Texas iliamua kinyume chake katika kesi nyingine. Hatimaye kifungu hicho kiliondolewa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, kwa juhudi za mbunge Barney Frank. Marufuku nyingine, iliyowazuia wenye virusi vya Ukimwi tangu mwaka 1987, iliendelea mpaka Januari 2010.

Wakati huohuo mlango mwingine ulianza kufunguka, ule wa hifadhi ya ukimbizi. Mwaka 1990 bodi ya rufaa za uhamiaji ilimkubali Mkuba aliyeteswa na serikali yake kwa kuwa shoga, na mwaka 1994 Mwanasheria Mkuu Janet Reno akaamuru uamuzi huo ufuatwe katika kesi zote. Waganda wanaoikimbia sheria ya nchi yao dhidi ya wapenzi wa jinsia moja na kuomba hifadhi Marekani huutegemea uamuzi huo.

Ndoa ndiyo iliyobaki kuwa ngumu kuliko yote, na hapo pia Wachina walitangulia. California ilikataza tangu mwaka 1880 kutoa hati ya ndoa kati ya mweupe na "Mmongolia", jina ambalo sheria iliwapa Wachina na jirani zao wa Asia. Katazo hilo lilianguka mwaka 1948 katika kesi ya Perez dhidi ya Sharp, iliyoletwa na mwanamke mwenye asili ya Mexico na mwanamume mweusi, na miaka minne baadaye Mmarekani wa Kichina na mzungu waliweza kuoana huko kihalali. Mtoto wao, Stuart Gaffney, alikuwa na mwenzi wake John Lewis miongoni mwa jozi za wapenzi zipatazo 4,000 zilizopewa hati katika ukumbi wa jiji la San Francisco kuanzia tarehe 12 Februari 2004, hati ambazo mahakama ilizibatilisha miezi sita baadaye. Wawili hao wakawa miongoni mwa wadai, na Mahakama ya Juu ya California ilipowapa ushindi tarehe 15 Mei 2008 iliitegemea sana kesi ileile ya Perez iliyowaruhusu wazazi wa Gaffney kuoana.

Jamii ya Wachina wenyewe haikuwa na kauli moja. Waumini wa makanisa ya Kichina waliandamana mjini San Francisco mwaka 2004 kupinga ndoa hizo, wengi wao wakiwa wahamiaji wa karibuni. Mashirika mengi ya Wamarekani wenye asili ya Asia, kwa upande mwingine, yaliiandikia mahakama kuikumbusha marufuku ya mwaka 1882 na sheria za ndoa za zamani. Helen Zia, mwandishi na binti wa wahamiaji wa Kichina, alitoa ushahidi mahakamani mwaka 2010 kuhusu jinsi ndoa yake na mwanamke mwenzake ilivyobadili uhusiano wa familia zao mbili, kwa kuwa wazazi hatimaye walijua wamwite nani mkwe. Kwa familia iliyorithi kumbukumbu ya majina ya karatasi, kumtaja mtu kwa nafasi yake ya kweli nyumbani si jambo dogo.

Lakini ndoa inayotambuliwa na jimbo haikumsaidia mgeni, kwa sababu uhamiaji ni wa shirikisho. Richard Adams, raia wa Marekani aliyezaliwa Ufilipino, na Anthony Sullivan, Mwaustralia, walifunga ndoa huko Boulder, Colorado, mwezi Aprili 1975 kwa hati iliyotolewa na karani Clela Rorex. Adams alipomwombea mwenziwe ukaazi, idara ya uhamiaji iliwajibu kwa barua rasmi yenye tusi. Mahakama ya rufaa iliwakatalia mwaka 1982, kwa mara nyingine ikitaja upana wa mamlaka ya Bunge juu ya wageni. Mwaka 1985 walilazimika kuondoka, wakatangatanga Ulaya karibu mwaka mzima, kisha wakarejea kimyakimya kupitia Mexico, na Sullivan akaishi bila karatasi kwa miongo. Adams alifariki mwezi Desemba 2012, miezi michache kabla ya Mahakama ya Juu, tarehe 26 Juni 2013, kuifuta sheria ya shirikisho iliyokataa kutambua ndoa za jinsia moja. Miaka miwili kamili baadaye ndoa hizo ziliruhusiwa katika majimbo yote. Mkurugenzi wa uhamiaji alimwandikia Sullivan mwaka 2014 kuiombea radhi barua ya mwaka 1975, na mwezi Aprili 2016 alipewa kadi ya ukaazi wa kudumu, akiwa mjane wa ndoa iliyokuwa imekataliwa kwa miaka 41.

Wachina nao waliombwa radhi. Seneti mwaka 2011 na Baraza la Wawakilishi mwaka 2012, kwa juhudi za mbunge Judy Chu, yalipitisha maazimio ya kusikitishwa na sheria za kuwazuia, yakiongeza kifungu kwamba maazimio hayo hayampi mtu yeyote haki ya kudai fidia. Hukumu dhidi ya Chae Chan Ping haikuguswa, kwa kuwa Bunge halina uwezo wa kuifuta hukumu ya Mahakama ya Juu, na mahakama yenyewe haijawahi kuifuta. Tarehe 20 Januari 2025 rais alipotia saini amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wageni, mahakama kadhaa ziliizuia kwa kutegemea hukumu ya Wong Kim Ark, na miongoni mwa waliokwenda kuitetea hukumu hiyo walikuwamo wazazi wa mataifa mengi, ambao wengi wao hawana uhusiano wowote na Guangdong.